Vibwengo wa Machimboni

Leo twende mbali kidogo. Twende Ujerumani, kwenye mpaka wake na nchi ya Cheki. Huko iko milima iitwayo Erzgebirge, yaani milima ya mawe ya madini. Mji wake mmoja ni Schneeberg. Maana yake ni mlima wa theluji, na kweli huko baridi ni kali.

Zaidi ya miaka 500 iliyopita, watu walianza kuchimba madini ya fedha hapo Schneeberg. Mashimo yalikuwa marefu, yenye giza na maji. Wachimbaji walisema mle ndani wanakaa vibwengo. Kwa lugha yao, kibwengo ni kobold.

Daktari Georgius Agricola alifanya kazi katika milima hiyo. Mwaka 1549 aliandika kwamba vibwengo wengine ni wakali, wengine ni wapole. Wapole ni wafupi, wana sura za wazee, na huvaa kama wachimbaji. Hucheka na kukimbia huku na huko kama wenye shughuli nyingi, lakini hawafanyi kazi yoyote. (Watu wa namna hiyo hata vijijini kwetu tunao.)

Wakali walileta msiba. Wachimbaji walipata jiwe linalong'aa kama fedha. Walipolichoma, fedha haikutoka. Ulitoka moshi wa sumu. Waliolishika wakiwa wamelowa maji walipata vidonda mikononi na miguuni. Wakasema kibwengo ameiba fedha na kuwaachia jiwe hilo. Wakaliita kobold.

Tusiwacheke. Sumu ile, aseniki, haionekani ndani ya jiwe. Utamwonyaje kijana juu ya kitu kisicho na sura wala jina? Ukimwambia kuna kibwengo, anaelewa mara moja. Sisi mabwana shamba tunaijua taabu hiyo. Mkulima humkimbia nyoka, lakini hunyunyizia pamba dawa akiwa miguu mitupu. Sumu inayopita kwenye ngozi haina meno ya kuonekana.

Agricola aliamini vibwengo wapo. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1556 kiliwataka wachimbaji wavae viatu virefu vya ngozi, na glavu za kufika viwikoni. Kilionyesha pia jinsi ya kupeleka hewa safi shimoni kwa mivukuto.

Katika miaka ya 1730, Mswidi Georg Brandt aligundua kwamba ndani ya jiwe lile mna madini mapya. Jina la kibwengo likabaki: kobalti. Siku hizi hutiwa katika betri za simu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Mji mmoja wa machimbo hayo ni Kolwezi, na watu wake husema Kiswahili kama sisi. Wengi huingia shimoni na nyundo na sururu, mikono mitupu.