Kengele Ilie kwa Saa Yake

Mwanangu mpendwa,

Pole sana. Tangu uliponipigia sijapata usingizi wa maana, na najua kwako hali ni mbaya zaidi. Watoto wawili wa darasa la sita wamekufa kwa ajali moja ya gari, wa tatu bado yuko hospitali, na wewe ndiyo kwanza umekabidhiwa shule. Uliniuliza jambo moja mara mbili: "Shangazi, Jumatatu nitawapaje matumaini hawa watoto?" Simu ikakatika kabla sijajibu. Naona heri nikuandikie, maana mengine haya utataka kuyasoma tena ukiwa peke yako ofisini.

Jumatatu usihangaike kuwapa matumaini. Waambie ukweli, kisha uwape ratiba isiyovunjika. Mtoto ambaye wiki iliyopita ameona kwamba mwenzake anaweza kuaga nyumbani asubuhi na asirudi, anaanza kujiuliza ni kitu gani kingine kisichoaminika. Je, baba atarudi kazini? Je, mwalimu naye? Huwezi kumjibu kwa hotuba. Unamjibu kwa kusema uji utakuwepo saa nne, na saa nne uji ukawepo. Kengele ilie kwa saa yake. Mwalimu uliyesema ataingia, aingie. Akishaona mambo kumi madogo yametokea kama alivyoambiwa, ataanza kuamini kwamba na kesho itakuja.

Haya niliyaona Kilimanjaro. Usiku wa Juni 18, 1994, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, kule Rombo, liliungua, na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Mimi nilikuwa nafundisha shule nyingine ya bweni huko huko Kilimanjaro, na baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa na ndugu kule. Wageni walikuja kwetu kuwatia moyo wasichana. Walizungumza vizuri, waliomba vizuri, wakaondoka. Lakini usiku ulipofika, wasichana walilala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Aliyewatuliza alikuwa matroni wetu, mama asiyejua kuhutubia kabisa. Alihamisha kitanda chake akakiweka ndani ya bweni, karibu na mlango. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa alimwita msichana mmoja, leo huyu kesho yule, aje aufungue mlango kwa mkono wake mwenyewe, atoke nje, arudi, awaambie wenzake kwamba umefunguka. Hakuwaambia wasiogope. Aliwaonyesha mlango. Baada ya majuma kadhaa viatu vikaanza kuonekana chini ya vitanda. Kila ninaposikia mtu mzima akiahidi kuwajenga watoto kisaikolojia, namkumbuka mama yule na ule mlango.

Sasa tuje kwenye Jumatatu yenyewe.

Kabla ya wanafunzi kufika, kutana na walimu wote, na mpishi, na mlinzi. Watoto humuuliza mlinzi mambo wasiyothubutu kumuuliza mwalimu mkuu. Kubalianeni maneno machache ya kweli: nani amefariki, nini kilitokea kwa kadiri mnavyojua, nani yuko hospitali, mazishi lini na wapi. Kabla ya hapo uwe umekwenda kwa wazazi kuwauliza wangependa lisemwe nini na lipi libaki kwao. Kisha msitangaze mstarini mbele ya shule nzima. Mtoto mmoja akianguka kwa kilio mstarini, mia wanamfuata, na nusu yao hawajui wanalia nini. Kila mwalimu aseme ndani ya darasa lake, saa ile ile, maneno yale yale, watoto wakiwa wamekaa kwenye madawati yao waliyoyazoea.

Utaniambia watoto wameshasikia yote mtaani. Kweli, wamesikia, tena wamesikia zaidi ya yaliyotokea. Kumbuka Kenya, Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha Academy lilipoungua kule Nyeri. Kwanza zilitajwa maiti 17, mwishowe wakathibitishwa wavulana 21. Katikati ya hapo viongozi walitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo, na wengi wao kumbe walikuwa wamechukuliwa na wazazi au wamehifadhiwa na majirani usiku ule. Fikiria mzazi aliyesimama pale getini akisikia hesabu hizo zikipanda na kushuka. Kwa hiyo usitaje usilolijua. Mtoto akikuuliza kama yule aliyelazwa atapona, mwambie madaktari wanamtibu, na kwamba kila asubuhi saa mbili mtawaambia hali yake. Halafu kila asubuhi saa mbili waambieni kweli, hata siku ambayo hakuna jipya.

Kwa wadogo wa awali na la kwanza, walimu watumie neno lililo wazi: amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi. Najua linakwaruza mdomoni. Lakini ukimwambia mtoto wa miaka mitano kwamba mwenzake amelala, atakataa kulala. Ukimwambia amesafiri, atamsubiri barabarani. Tena nakuomba, kwa upole, uzungumze na mchungaji na shehe wanaokuja kuomba nanyi. Sisi wakubwa tukikaa matangani tunaambiana kazi ya Mungu haina makosa, na hilo linatushika mkono. Mtoto akiambiwa Mungu amempenda zaidi mwenzake ndiyo maana amemchukua, anaweza kuanza kumwomba Mungu asimpende. Waombe wamtaje Mungu anayekaa na wenye huzuni. Dua isomwe na sala isaliwe, na watoto wa dini zote wawepo bila kulazimishwa.

Darasa la sita ndilo litakalokula moyo wako. Leo hii, kabla hujafanya lolote, litazame daftari la mahudhurio. Mwalimu asije akaita majina Jumatatu kwa mazoea akafika kwenye jina la marehemu na darasa likanyamaza. Asilifute pia kwa wino mweusi mbele yao. Mwanzoni aite majina kwa kuangalia nyuso, aandike baadaye.

Halafu madawati. Yasiondolewe usiku kimyakimya ili watoto wakute pengo asubuhi. Waulize wao. Pengine watataka kuweka maua, pengine watataka mtu akae pale ili pasibaki wazi, pengine watagombana kuhusu hilo, na ugomvi huo uache wazungumze mpaka waafikiane. Wakichagua kuliacha dawati, waambie litabaki mpaka lini, kwa mfano mpaka arobaini, na siku hiyo mtalihamisha pamoja. Madaftari ya marehemu yakusanywe yote, yafunikwe makaratasi safi, na wenzao wawili watatu wayapeleke kwa mama zao wakiongozana na mwalimu. Nimewaona akina mama wakiyashika madaftari ya namna hiyo, yenye hesabu zilizokosewa na alama nyekundu za mwalimu, kwa namna ambayo hawakuishika rambirambi yoyote.

Lipo jambo hapo ambalo wengi hawalitazami. Ndani ya darasa lile yupo mtoto, huenda zaidi ya mmoja, anayeamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Aligombana na marehemu juzi yake akamwambia potelea mbali. Alimpa nafasi yake kwenye gari. Alichelewa akakosa gari lile, sasa anaona amekula maisha ya mwenzake. Hatasema. Utamtambua kwa tumbo linalouma kila asubuhi, au kwa kupiga wenzake bila sababu, au kwa ukimya wa kupitiliza. Usimwite ofisini, ofisi ya mwalimu mkuu ni mahali pa mashtaka. Mpe kazi ya kufanya na wewe, mwagilieni miche, pangeni vitabu, na katikati ya kazi useme tu, kama vile unasema na hewa, kwamba watoto wengi wakifiwa na rafiki hufikiri ni kosa lao, na kwamba gari lilianguka kwa sababu za gari na barabara, hakuna neno la mtoto linaloangusha gari. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, ameshasikia.

Wala usishangae ukiwakuta siku hiyo hiyo wanacheza mpira na kucheka. Mwalimu fulani atakasirika aone ni utovu wa adabu. Mzuie. Mtoto huingia kwenye huzuni na kutoka mara kadhaa kwa siku, na mchezo ndiyo mahali pake pa kupumzikia.

Watakuja watu wa kusaidia, na wengine watataka kuwakalisha watoto duara na kuwataka kila mmoja asimulie alichokiona. Kataa kwa heshima. Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na msingi wake ni mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Unatazama nani ana shida kubwa, unamsikiliza anayetaka kusema, unamuunganisha na ndugu zake na wenye msaada. Kumbana mtu asimulie msiba wake hakumo. Walimu wako wanaweza kuyafanya hayo matatu bila shahada yoyote. Lakini mwezi ukipita na mtoto bado halali, hali, anashtuka kwa kila mlio wa gari, hapo mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii na hospitali. Na akisema anatamani amfuate mwenzake, usingoje mwezi: siku hiyo hiyo asiachwe peke yake, wazazi waitwe, apelekwe. Andika pia namba 116 kwenye ubao wa matangazo, chini kabisa, urefu wa macho ya mtoto. Ni simu ya bure ya huduma kwa watoto, wanaweza kuipiga wenyewe.

Kuhusu yule aliye hospitali, nina neno zito kidogo. Unakumbuka Mei 6, 2017, basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, likiwa na watoto wa darasa la saba wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wakafa. Taifa zima lililia siku ile walipoagwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Watatu walikutwa wakiwa hai, na miongoni mwa waliosimama kuwaokoa walikuwa Wamarekani wa kujitolea waliokuwa wakipita njia hiyo. Wakasaidia watoto wale wapelekwe kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa, wakarudi nyumbani Agosti mwaka ule ule. Nilifurahi kama kila mtu. Kilichonipa nguvu zaidi ni wale wapita njia. Walikuwa na safari yao, wakaiacha. Watoto wako wanahitaji kusikia habari za namna hiyo: nani aliwatoa wenzao garini, nani alitoa shuka, muuguzi gani alikesha. Waulize mashuhuda, kisha uwasimulie.

Lakini usimfanye mtoto aliyenusurika kuwa muujiza wa shule. Nchi nzima ilipokuwa ikiwaombea wale watatu, nilikuwa nafikiri jinsi ilivyo kazi kubwa kwa mtoto kubeba furaha ya watu wengi hivyo huku amefiwa na rafiki zake wote. Wako akirudi, asisimamishwe mstarini kupigiwa makofi. Waandae wenzake mapema: wasimuombe awaonyeshe makovu, wasimuulize aliona nini. Wamwekee nafasi kwenye dawati na kwenye timu, na wamwazime madaftari anakili alichokosa. Mwalimu wake wa hesabu asimhurumie kupita kiasi. Kusahihishiwa kazi kama wengine kutamwambia kwamba bado ni mmoja wao.

Walimu wako nao wamefiwa. Yule wa darasa la sita asiingie peke yake wiki hiyo, mweke mwenzake nyuma ya darasa, na akishindwa katikati ya kipindi atoke bila kuomba radhi. Kulia mbele ya watoto hakuna ubaya, mradi watoto waone kwamba machozi yamekauka na somo limeendelea. Wazazi watakujia na hasira, watataka jina la mtu wa kulaumiwa siku hiyo hiyo. Uchunguzi ni kazi ya polisi, waambie hivyo. Lakini kama kuna jambo la usalama wa usafiri lililo mikononi mwako na kamati ya shule, lifanyeni sasa, tena watoto walione likifanyika. Idadi ya abiria kwenye gari ikaguliwe getini kila jioni, mbele ya macho yao. Huo ndio mlango wa matroni wangu.

Na mwisho wa muhula, wageni wakiwa wameshasahau, weka siku moja ya kuwakumbuka. Itangaze kuanzia sasa ili wazazi wao wajue watoto wao hawatatajwa wiki hii tu. Darasa la sita lichague litafanya nini siku hiyo.

Wewe mwenyewe kula. Najua tabia yako tangu utoto, ukihuzunika unaacha chakula ukisema hujasikia njaa. Mwombe jirani yako alale nawe siku hizi mbili.

Mimi nitapanda basi la Ijumaa asubuhi nikijaliwa, jioni nitakuwa kwako. Nitakaa mpaka wiki inayofuata, nisaidie kuhakiki daftari la mahudhurio na kukaa na darasa lile mwalimu akihitaji kupumzika. Niandikie kwenye simu majina ya akina mama wale wawili na kitongoji wanakokaa. Nataka nikifika nipitie kwao kwanza, kabla ya kuja shuleni.

Wako akupendaye,
Shangazi