Simu ya saa tatu usiku

Ndugu, jamaa na marafiki wa Tanga na kwingineko,

Najua nimekaa kimya sana, mniwie radhi. Hapa Qantab ni wazima, alhamdulillah. Milima iko palepale imetuzunguka, na wavuvi wanavuta boti zao mchangani kama kawaida. Leo lakini sina habari za samaki. Nataka niwaeleze habari ya mwanangu na kitabu.

Mnajua nilimwacha na Mama akiwa na miaka mitatu, sasa ana sita. Kila Alhamisi nikimaliza vyombo, saa tatu usiku, nampigia. Na mara nyingi anakataa simu. Siku moja nikamsikia kwa masikio yangu: "Bibi, mwambie nimelala." Jamani! Nilijifungia jikoni nikalia. Nikasema basi, kishanisahau.

Wiki hiyohiyo binti wa nyumba hii, aliye chuo mwaka wa kwanza, alikuwa na mtihani wa saikolojia. Akaniomba nishike kitabu nimuulize maswali. Mimi nilidhani saikolojia ni mambo ya wenye wazimu tu. Kumbe mwanzoni ni swali moja: unachosema juu ya watu, umekijuaje?

Kwenye sura ya watoto nikamkuta Mary Ainsworth. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa kwetu huku, Uganda, vijijini karibu na Kampala. Alifuatilia watoto 28 wa familia 26, akiwatembelea majumbani kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa miezi hadi tisa. Kitabu chake kikatoka 1967. Aliona kwamba akina mama walioweza kueleza habari za watoto wao kwa undani, watoto wao mara nyingi walikuwa wametulia nao. Hapo nilichomwa. Mimi ningeeleza nini? Sikujua hata anapenda mboga gani.

Binti akanituliza. Akasema mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja liwe limeleta jingine. Huenda mtoto mtulivu ndiye anayempa mama nafasi ya kumjua. Kisha akaniuliza, "Wewe unampigia saa ngapi?" Nikamjibu. "Siku zote saa hiyohiyo?" Nikanyamaza.

Saa tatu yetu ni saa mbili ya Tanga. Mtoto kashachoka, macho mazito. Mimi nilimpima mwanangu kwa saa yake mbaya kuliko zote, wiki baada ya wiki, halafu nikatoa hukumu. Ni kama kuwauliza wavuvi wa hapa habari za bahari siku za dhoruba tu.

Basi nikakata vikaratasi, nikaandika siku zote saba na nyakati tatu: asubuhi, mchana, jioni. Nikavitia kwenye kopo la maziwa, nikawa natoa viwili kila wiki bila kuangalia. Mama mwenye nyumba aliniruhusu, Mungu ambariki. Wiki nane, simu 16. Tatu hazikupokelewa, nikaziandika pia, maana binti alinikataza kutupa zinazoniudhi. Katika 13 zilizopokelewa, alizungumza 10 na alikataa 3.

Dakika zote zilikuwa 78, yaani wastani wa dakika sita. Nikafurahi! Binti akacheka, akaniambia nizipange kuanzia ndogo hadi kubwa. Kumbe simu moja peke yake ilikula dakika 38, siku jino lilipotoka. Iliyokaa katikati ya mstari ni dakika nne. Kwa hiyo ukweli wangu ni dakika nne. Nazipenda hivyohivyo.

Siwezi kuapa kwamba ni saa tu. Zamani nilipiga mara moja kwa wiki, sasa mara mbili. Nimebadilisha mambo mawili kwa pamoja, huenda ni mazoea. Na mtoto mmoja ni mtoto mmoja. Wala sijathibitisha kwamba kuondoka kwangu hakukumuumiza. Ila lile neno "kishanisahau" nimelifuta, maana sikuwa na haki ya kulisema. Na sasa najua anapenda kisamvu, na kwamba saa moja asubuhi, akingoja chai, ana maneno mengi.

Ninalo ombi moja kwenu. Mama, shikamoo. Najua ukiniambia "mtoto anakuulizia kila siku" unanionea huruma. Lakini ukiniletea mazuri tu, nami nitahesabu vibaya. Siku akikataa, niambie amekataa. Siku akilia, niambie. Dada, na wewe pia.

Mwanangu msomeeni hii akikua. Kopo bado liko juu ya kabati, na kesho asubuhi natoa kikaratasi kingine.

Wasalaam, tuonane majaliwa.