Sukari Hupitia Mishipani

Watu wangu wa Kakamega, tuongee ukweli. Senje yangu ana ugonjwa wa sukari. Kila kliniki anadungwa kidole, anasomewa namba, anarudi nyumbani. Mkojo? Hakuna anayeuliza.

Na figo moja ina vichujio karibu milioni moja, vya mishipa myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa inakuwa migumu, presha inapanda, vichujio vinaanza kuvujisha protini. Hapo husikii maumivu yoyote.

Kwa hivyo mwenye sukari adai kupimwa presha kila kliniki, na protini ya mkojo kila mwaka. Usingoje miguu ifure ndio uulize. Kusafishwa damu kila wiki si mchezo, jamani.