Uvimbe wa Askari

Nataka kuwaeleza habari za uvimbe uliomtokea mbwa wetu mchanga, na jinsi uvimbe huo mdogo ulivyokaribia kuwazuia watu wa mtaa mzima wasiwachanje mbwa wao.

Mbwa wetu anaitwa Askari. Ni wa jamii ile ya mbwa wakubwa wa Kijerumani watumiwao na polisi, ambao dume akikomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Baba alimnunua alinde mabanda ya kuku, maana hapa kwetu Morogoro vicheche huja usiku; wengine wana miguu minne na wengine wana miwili. Jumamosi, tarehe 28 Septemba 2024, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nilimpeleka kuchanjwa. Alikuwa na umri wa miezi mitatu na kitu, na tayari alikuwa mkubwa kuliko mbwa wengi wazima wa mtaani. Alipigwa sindano chini ya ngozi, karibu na bega, wala hakulia.

Siku ya tano nilipokuwa nikimpapasa nikagusa kitu kigumu begani, kama punje ya korosho. Habari hazikukaa. Kufika jioni kila jirani alikuwa amekuja kumshika Askari na kutoa hukumu yake. Mmoja alisema ni jipu. Mwingine akasema ni kansa, na mbwa wa fedha nyingi namna ile ndio wafao mapema. Mzee wa nyumba ya pili akaniambia, "Mjukuu wangu, leta chuma cha moto tumchome, uvimbe utakauka." Mama yeye alimhofia mdogo wangu wa miaka minne, ambaye hucheza na Askari kutwa, akataka mbwa afungwe mbali mpaka ijulikane kuna nini.

Lakini neno zito lilitoka kwa mama mmoja jirani. Alisema, "Mnaona? Ni ile sindano. Wetu hatuwapeleki." Mtaa wao ulikuwa umepangiwa kuchanja mbwa tarehe 16 Novemba, na watu wengi waliitikia maneno yake. Tangu hapo shauri halikuwa tena la mbwa mmoja.

Jumamosi iliyofuata Baba alimwita Bwana Mifugo. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bwana Mifugo." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?" Hakuanza kwa dawa, alianza kwa maswali. Uvimbe ulionekana lini? Anakula? Anacheza? Kisha akaushika kwa vidole viwili taratibu, akaniambia nami niushike, akanifundisha kama mwalimu darasani.

Alisema kwamba jipu huwa la moto, huuma, na baadaye hulainika kwa usaha. Uvimbe wa funza wa nzi huwa na kitundu katikati, maana funza aliye ndani hupumulia hapo. Henia ya mtoto wa mbwa hukaa kitovuni, ni laini, na mara nyingi hurudi ndani ukiibonyeza. Tena kuna kivimbe chekundu kama kifungo cha shati, kisicho na manyoya, kiwatokeacho mbwa wadogo hasa kichwani na miguuni, na aghalabu huondoka chenyewe baada ya miezi michache. Kansa mbaya huwapata zaidi mbwa wazee. Lakini wadogo nao hawakukingwa, na kwa hiyo mkono pekee hautoshi kukata shauri.

Uvimbe wa Askari haukuwa wa moto, haukumwuma, haukuwa na kitundu, na ulikuwa palepale ilipoingia sindano. Bwana Mifugo akasema, "Chanjo huwaamsha askari wa damu, nao hukusanyika mahali ilipoingia. Mara chache mkusanyiko huo huonekana kwa nje. Usiukamue, usiutoboe, usiuchome. Upime kila wiki uandike. Ukiendelea kukua baada ya mwezi mmoja, au ukipasuka, au mbwa akiacha kula, niite mara moja. Tutachukua maji yake kwa sindano tuyatazame kwa hadubini."

Basi nikachukua rula na daftari langu la Bayolojia. Tarehe 5 Oktoba, sentimita mbili na nusu. Tarehe 12, tatu. Hapo, nakiri, usingizi ulikuwa haba, na yule mzee aliuliza tena habari za chuma chake. Tarehe 19, tatu vilevile. Tarehe 26, mbili. Tarehe 2 Novemba, moja. Tarehe 9 nilitafuta kwa vidole begani kote, nisipate kitu ila manyoya.

Jumapili yake nilibeba daftari, Askari nikamfunga kamba, tukapita nyumba kwa nyumba. Sikuhutubia mtu, niliwaonyesha tarakimu, kisha nikawaachia mbwa wamshike wenyewe. Yule mama jirani alimpapasa muda mrefu, akasema, "Haya, nimeona." Tarehe 16 alikuja na mbwa wake wawili. Mzee naye alikuja, na wake akamvuta kwa kamba ya katani. Nyumba mbili hazikuja hata leo, nami sina uwezo wa kumlazimisha mtu mzima.

Kwa nini nilijisumbua? Kwa sababu kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu kila mara huua. Katika watu 100 wanaopata ugonjwa huu, hadi 99 huwa wameambukizwa na mbwa. Louis Pasteur alimpa mtoto aliyeumwa na mbwa chanjo yake mwaka 1885, akapona. Na leo wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika njia. Mtaa ukikataa kwa sababu ya uvimbe wa sentimita tatu, watakaolipa ni watoto wadogo wapitao njiani.

Kwa hiyo, wenzangu, mnyama wenu akitokewa na uvimbe msiufiche, kwani mficha maradhi mauti humwumbua. Wala msiuvamie kwa moto na wembe. Mwiteni mtaalamu, mpime, mwandike. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, asingoje kesho.

Askari sasa ni dume zima. Vicheche wa miguu minne wamepungua. Wa miguu miwili hawajaonekana kabisa.