Kutoka Kipini Kwenda Ozi kwa Mtumbwi

Wengi wetu tuuvukapo mto Tana huuvuka darajani Garsen, tumo ndani ya basi, macho yamelemewa na usingizi. Mwezi uliopita nilijaaliwa kuusafiria kwa njia ya wazee wetu: kwa mtumbwi, polepole, kutoka Kipini hadi Ozi.

Sikwenda kutembea tu. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni Lamu utotoni aliniletea ujumbe nikamkanye mwanawe, anayetaka kuacha kilimo ahamie Mombasa. Na aliyetumwa kuja kunichukua ni kijana yule yule.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, maji yakijaa, ili yatusukume juu. Kijana alipiga kafi bila haraka. Mlangoni mwa mto mikoko imesimama pande mbili kama safu za wenye kuswali; mbele kidogo ikapungua, ikatokea miembe mikongwe. Mdiria alijitupa majini akazuka na kisamaki. Viboko walitoa masikio, nasi tukawapisha kwa adabu, maana hapo wao ndio wenyeji. Kina mama walikuwa wakifua, wavuvi wakikagua mitego ya kambare, na mtoto mmoja akatuamkia kutoka juu ya mwembe.

Mto huu huanzia Nyandarua na mlima Kenya, ukatembea takriban kilomita 1,000 hadi baharini. Mwanadamu ameugusa mara nyingi. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto Ozi, na maji mengi yakashika njia hiyo mpya. Zama zetu yamejengwa mabwawa matano ya umeme huko juu. Lile kubwa la Masinga lilikamilika 1981. Wazee wa Ozi husema mto wenye nguvu huirudisha bahari nyuma, na ukidhoofika, bahari huingia.

Rafiki yangu alinipokea kwa maembe na uso wa furaha, kisha akanipeleka shambani. Nilipotarajia mpunga niliona ardhi imepiga weupe wa chumvi, na miembe imekauka ingali wima. Adhuhuri tulishuka ukingoni kutawadha. Niliposukutua, nikaihisi bahari kinywani.

Akaniona nilivyonyamaza. "Kutawadhia yanafaa, Sheikh," akasema. "Mpunga ndio umeyakataa."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya kuwatii wazazi. Yote yalinikauka. Baada ya chakula nikamuuliza kijana mbele ya baba yake: "Mwanangu, yakirudi maji matamu, utabaki?"

"Ami, nitalima hata usiku," akajibu. "Misimu mitatu nimepanda, misimu mitatu mbegu imeoza. Sikimbii jembe."

Baba yake aliinama, akawa anachora mchangani kwa kidole. Mwishowe akasema, "Mimi niliogopa kuzeeka peke yangu, nikauita woga huo utovu wa adabu wa mwanangu." Kisha akampa radhi yake, nasi tukasoma dua. Kijana ataondoka akishamaliza kumjengea baba yake tuta la kuzuia maji kwenye kishamba cha juu, ambacho chumvi haijakifikia. Mombasa atafikia kwangu.

Tulirudi na maji ya kupwa, jua likishuka nyuma ya minazi. Safari hii mtumbwi ulikwenda wenyewe, kijana ameweka kafi mapajani, anatazama kwao kukipungua.

Ndugu zangu, tuwashapo taa majumbani mwetu, sehemu ya mwanga huo imetoka katika mto huu. Na akija mjini kijana wa Tana kutafuta kazi, tusiharakishe kumwita mtoro. Tumuulize kwanza habari za maji ya kwao.

Mwenyezi Mungu awarudishie maji yao matamu. Amin.