Maji ya Sabili Nyuma ya Darajani

Mwambie mshikaji yeyote wa Dar kwamba unavuka kwenda Unguja, atakuuliza mambo mawili tu: pweza wa Forodhani utamla, na Nungwi utafika? Mimi nilifuata urojo, na nikaupata, tena bomba kweli. Lakini kilichonibakia kichwani ni pipa.

Pipa lenyewe ni la plastiki, la buluu, lina bomba kwa chini, na limekaa barazani kwenye nyumba moja ya vichochoro vya nyuma ya soko la Darajani. Pembeni kuna kikombe cha bati kimefungwa mnyororo. Jua la saa saba hilo, koo limekauka, na mfukoni imebaki nauli ya boti. Nikasimama naangaliaangalia, si unajua tena sisi wa Bongo, kila kitu tunauliza bei kwanza.

"Kunywa mwanangu, ni sabili," akasema mama mmoja wa makamo kutoka dirishani.

Sabili ni kitu kilichotolewa kwa njia ya Mungu. Mpita njia anachukua, halipi. Zamani ilikuwa mtungi na kata mlangoni mwa msikiti, siku hizi ni mapipa na majokofu. Mara nyingi anayeweka anamwekea marehemu wake. Waislamu husimulia habari za Saad bin Ubada, sahaba wa Mtume, aliyefiwa na mama yake akauliza amtolee sadaka ipi iliyo bora. Akaambiwa maji, naye akachimba kisima. Mashekhe wanaiita sadakatul jaria, yaani sadaka isiyokatika.

Basi nikatoa shikamoo, nikamuuliza mama yule anamwekea nani. Mwanawe. Kijana alipanda MV Spice Islander I anakwenda Pemba, meli ikazama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa. Wengine wengi hawakuonekana tena, na huyo kijana ni mmoja wao. Kaburi la kuzuru hakuna.

"Mwaka mzima sikupita Forodhani," aliniambia. "Sitaki hata kuiona bahari."

Nikakumbuka misiba yetu ya mjini, sare zinashonwa, mpiga video anakodiwa, fulana zenye picha ya marehemu, halafu wiki ya pili fulana inadekia nyumba. Sisemi ni vibaya, watu wanalia kila mmoja kivyake. Ila pale barazani hapakuwa na picha wala jina. Nilipotaka kushukuru akanikatiza.

"Usin'shukuru mimi. Kabla ya magharibi mfanyie mtu jambo, yatosha."

Kumbe ndivyo anavyomwambia kila anayekunywa: wanafunzi wa chuoni, wauza samaki, mpaka mzungu mmoja na begi lake mgongoni, aliyetafsiriwa na papasi, na papasi, kama kawaida yao, akatia na chumvi yake. Mzungu akaitikia kwa kichwa mara tano hivi. Hamali mmoja aliyekuja na mkokoteni alinichekesha, eti deni lake yeye hulilipa kwa kumvusha barabara kipofu wa pale sokoni, na siku nyingine kipofu mwenyewe hataki kuvuka.

Wapo majirani waliomwambia mama anajichosha, maji yenyewe ya kuhangaikia, watu wenyewe hata dua hawaombi. Hawajibu. Asubuhi anasuuza kikombe, anajaza pipa, basi.

Hivi karibuni alijipa moyo akapanda boti kwenda Pemba, kwenye harusi ya mpwa wake. Akakaa wiki nzima huko, roho juu, anajua pipa limekauka. Aliporudi alilikuta limejaa mpaka juu, na kikombe kimesuuzwa. Ameuliza mtaa mzima, na hakuna aliyekubali kuwa ni yeye.