Masaa Sita na Dakika Tatu

Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu. Valencia, Desemba 2022: 2:01:53. London, Aprili 2023: 2:01:25. Chicago, Oktoba 2023: 2:00:35, rekodi ya dunia. Siku moja nilizijumlisha kwa simu. Masaa sita, dakika tatu, sekunde 53. Basi. Ni kama safari ya Nairobi hadi Eldoret, na hapo uombe Salgaa kusiwe na jam.

Alifariki usiku wa Februari 11, 2024, gari lake lilipotoka barabarani kati ya Eldoret na Kaptagat. Kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana, alikufa naye. Kiptum alikuwa na miaka 24. Rekodi yake ilikuwa imeidhinishwa rasmi siku tano tu kabla.

Wiki hiyo stetasi za marafiki zangu zilijaa "ishi leo kama hakuna kesho", nyingi zikiwa na picha ya chupa. Sina shida na chupa. Lakini huyo jamaa hakuishi hivyo hata kidogo! Kocha wake aliwahi kusema kuna wiki alikuwa anapita kilomita 300 za mazoezi. Nani hufanya hivyo kama hakuna kesho? Alikuwa anajiandaa kwa Rotterdam, Aprili, akitaka kushuka chini ya masaa mawili. Kesho ndiyo ilikuwa inamtoa kitandani.

Kitu kilichonikaa kichwani ni nyumba. Serikali iliahidi familia nyumba, na ikasimama kabla ya mazishi ya Februari 23. Kumbe inawezekana. Sisi Wakenya tukisikia msiba tunakuwa na mbio za ajabu.

Kwetu ni hivyo hivyo. Mjomba alipofariki, grupu ya WhatsApp ilifunguliwa asubuhi na kufikia siku ya nne tulikuwa na jeneza, tenti, ng'ombe na basi mbili. Kukhu yangu pale Kitale, aliyenilea, ana mtoto wa jicho. Anatambua watu kwa sauti. Pesa ya upasuaji imekuwa "ajenda" kwa grupu nyingine tangu mwaka jana, katikati ya memes na salamu za Jumapili.

Kwa hivyo mwezi uliopita niliandika pale: tuanze kamati ya mazishi ya Kukhu. Mwenyekiti, mweka hazina, daftari, kila mtu ataje kiasi chake kama kawaida. Tofauti ni kwamba yeye mwenyewe atakuwepo, na pesa itaenda kwa jicho.

Shangazi alinipigia akitetemeka. "Wewe mtoto, unamtakia mama yangu kifo?" Nikamwambia hapana, shangazi, ni kinyume. Akakata simu. Binamu wawili wakatoka kwenye grupu. Halafu, sijui nani alimwambia Kukhu, maana jioni aliomba apewe simu ya jirani.

Nilijua naenda kuchapwa kwa maneno. Akacheka mpaka akakohoa.

"Na hiyo kamati," akasema, "itachinja kuku wangapi?"

Tuko elfu 18. Shangazi ndiye mweka hazina, na juzi alinitumia ujumbe kwamba ahadi yangu haijaingia. Kikao ni Jumamosi, kwa Kukhu. Nimeshakata tiketi ya Ijumaa usiku.